Msalaba Hautwishwi Mtu kwa Hila

Mama Tumaini, barua yako kutoka Isevya imenifika: kurasa nne za daftari la mistari, mwandiko ukianza mdogo na wa adabu, ukimalizikia kwa herufi kubwa ambazo kalamu imekaribia kuitoboa karatasi. Sitaichapa yote. Nitaieleza kwa ufupi ili wasomaji wenzako wajue tunazungumza nini, na wewe uone kama nimekuelewa.

Wewe ni mjane, na unauza asali na mchele sokoni Tabora. Ulikuwa na rafiki wa chanda na pete, mkiimba naye sauti ya pili kwenye kwaya, na ndiye aliyemsimamia Tumaini wako siku ya ubatizo. Mwaka juzi aliomba mkopo kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, shilingi milioni mbili na laki nne, ukamdhamini. Baada ya miezi mitatu alipanda treni ya Mpanda bila kuaga. Kikundi kikakaa, wenye funguo tatu wakafungua sanduku, daftari likafunuliwa, na kwenye mstari wa mdhamini ikaonekana saini yako. Hisa zako zikakatwa, ukauza na cherehani kumalizia. Hilo, unasema, ungelimeza. Lililokukaba koo ni kusikia kwamba kabla ya kuondoka aliwanong'oneza wajumbe kuwa nusu ya fedha zile mlikula wote wawili.

Sasa amerudi. Amekuletea kanga, ameketi tena kwenye benchi la kwaya, na amekuambia yaliyopita si ndwele. Fedha hajazitaja, wala yale maneno. Wewe ndiye uliyeacha kwaya. Na Kwaresima hii, baada ya Njia ya Msalaba, mwenyekiti wa jumuiya alikuambia mbele ya watu kwamba usaliti ulikwisha kuandikwa, kwamba bila Yuda wokovu usingekuwapo, na kwamba anayemdai ndugu yake anaukataa msalaba. Ukarudi nyumbani ukaniandikia maswali matatu. Je, mateso haya ni mpango wa Mungu, ninyamaze tu? Je, kumsamehe ni kujifanya hakuna kilichotokea? Na la tatu uliliandika pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote: je, Yuda ni mimi, kwa kuwa kila nikimwona natamani aumie?

Nianze na hilo la pembeni, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi.

Hapana, mwanangu, wewe si Yuda. Yuda hakumjia mwalimu wake kwa hasira. Alimjia kwa busu, baada ya kula naye mkate na kuoshwa miguu. Kosa lake lilivaa nguo za upendo. Wewe una hasira iliyovaa nguo zake yenyewe, nawe unaiogopa kwa sababu umefundishwa kwamba Mkristo mwema hakasiriki. Fungua Zaburi ya 55. Mwimbaji anasema kwamba angetukanwa na adui angevumilia. Kinachomuua ni kuwa aliyemgeuka ni mwandani wake, mtu waliyekuwa wakiongozana kwenda nyumbani kwa Mungu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kisha, bila kuona haya, anaomba wasaliti hao washuke kuzimu wangali hai. Sala hiyo imo ndani ya Biblia yako, na waumini wameisali karne baada ya karne. Waliokusanya zaburi hawakuifuta wala kuipaka sukari.

Ukitoka hapo, soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio humalizia kwa neno la matumaini. Ile humalizia gizani. Mtu amelia mchana na usiku, rafiki zake wameondolewa, na zaburi inaishia hapo. Kwa hiyo usiku unapopiga magoti maneno mazuri yakakataa kutoka, usidhani umeshindwa kusali. Mwambie Mungu unatamani aumie. Afadhali hasira yako aibebe yeye kuliko kuimwaga sokoni au kumpa Tumaini aibebe. Kutamani ni kitu kimoja, kutenda ni kingine, na katika barua yako yote sijaona baya hata moja ulilomtendea mwanamke huyo.

Sasa tuje kwa mwenyekiti wako. Nina hakika ana nia njema, na huenda alitaka tu jumuiya isipasuke. Lakini alichosema kina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaumiza.

Ni kweli Injili inasema Mwana wa Adamu anakwenda kama alivyoandikiwa. Lakini soma Marko sura ya 14: katika pumzi hiyohiyo Yesu anamtamkia ole mtu yule anayemsaliti, na kusema ingekuwa heri kwake asingezaliwa. Kuandikwa kwa jambo hakukumtakasa aliyelitenda. Mungu anaweza kuuchukua uovu wa mtu akaupindua uzae mema, lakini uovu unabaki na jina lake, na aliyeutenda anabaki na hesabu yake.

Nyinyi watu wa Tabora mnapaswa kulielewa hili kuliko wengi. Yusufu mwana wa Yakobo aliuzwa na ndugu zake kwa msafara uliokuwa ukipita, ngamia wamebeba ubani na manemane kuelekea Misri. Bei yake ilikuwa vipande 20 vya fedha. Mji wenu uliota juu ya njia kama hiyo. Kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe kwenu, na kutoka Unyanyembe hadi Ujiji, misafara ilipanda na vitambaa, shanga na waya, ikashuka na pembe za ndovu na watu. Pale Kipalapala, katika miaka ya 1880, Mapadre Weupe walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Wengi wao waliwahi kuwa na ndugu, na jirani, na mtu waliyemwamini.

Mfikirie Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger miaka ya 1860, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa. Wamisionari wakamkomboa huko Algeria mwaka 1876, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, karibu miaka 67. Hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi walijifungua salama, ni watoto wangapi walipona homa, kwa sababu mtu yule alikuwa pale. Je, tuwaandikie barua ya shukrani waliomteka? Tuseme walikuwa wakitekeleza mpango? Moyo wako unakataa, na unakataa kwa haki. Wema wa Karema ulitoka kwa Mungu na kwa Atiman aliyekubali kuutumikia. Waliomnyang'anya mama yake hawana fungu ndani yake.

Hata Yusufu alilisema hivyohivyo. Ndugu zake walipomwangukia baada ya baba yao kufa, aliwaambia kwamba wao walimkusudia mabaya, na Mungu akakusudia mema. Angalia mpangilio wake: mabaya aliyataja kwanza, machoni pao, kisha ndiyo akawafariji. Mwenyekiti wako ameruka sehemu ya kwanza akaenda moja kwa moja kwenye ya pili. Hiyo ya pili, mwanangu, ni wewe peke yako mwenye ruhusa ya kuitamka, siku ukiwa tayari. Mtu mwingine hawezi kukutangazia kwamba maumivu yako yalikuwa na faida. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba, walipokaa naye chini kimya. Walipofungua midomo kumtetea Mungu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Tuje kwenye huo msalaba unaoambiwa ubebe.

Yesu alisema anayetaka kumfuata ajitwike msalaba wake. Anayetaka. Katika Injili ya Yohana anasema waziwazi kwamba uhai wake hakuna anayemnyang'anya, anautoa mwenyewe. Pale Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, jasho likimtoka, ndipo akakubali. Sadaka ni ile ambayo mtu angeweza kuikataa na akaitoa kwa upendo. Kitu ulichochukuliwa kwa udanganyifu ni wizi, hata ukipambwa kwa nyimbo za Kwaresima.

Kama unataka kuiona tofauti hiyo kwa macho, panda bodaboda uende Kwihara, hapo nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe la mpelelezi Livingstone. Mwaka 1872 alikaa pale miezi kadhaa akisubiri wapagazi kutoka pwani, na walipofika mwezi Agosti akaondoka nao kuelekea kusini. Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wangeweza kumzika wakatawanyika, na nani angewalaumu? James Chuma, Abdullah Susi, Jacob Wainwright na wenzao waliamua vingine. Moyo wake waliuzika chini ya mti, Wainwright akasoma sala za maziko, na mwili wakaukausha, wakaufunga ndani ya magome ya mti na turubai, wakaanza safari ya kurudi pwani kwa miguu.

Walipofika Unyanyembe, Oktoba mwaka ule, walimkuta Mwingereza aitwaye Cameron aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wauzike mwili hapohapo. Mzungu, tena ofisa, anawaambia watue mzigo. Wakakataa. Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wakasikia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite. Basi wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakaituma irudi Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika, na mwili wenyewe wakauvingirisha ndani ya kitambaa mpaka ukafanana na mtumba wowote wa biashara. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Walipolipwa ujira wao waliachwa waende zao. Aliyepata kusafiri na jeneza hadi London kwa mazishi ya Aprili ni Wainwright. Naye baadaye alirudi bara, akafariki Urambo, mkoani kwenu, mwaka 1892.

Sasa linganisha. Chuma, alipokuwa mtoto, aliokolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa. Wainwright naye aliokolewa utumwani. Watu hao walijua vizuri mzigo anaotwishwa mtu mwenye mti wa panda shingoni, na wakajua pia mzigo anaojitwika mtu huru kwa sababu ya uaminifu. Njia ilikuwa ileile, vumbi lilelile, na uzito ulielekea kulingana. Kilichotofautisha ni nani aliyeamua. Ukimwambia mtumwa aliyefungwa kwamba anabeba msalaba wake, umemwonea mara mbili.

Kwa hiyo ukiniuliza msalaba wako ni upi, nitakujibu hivi. Deni lile si msalaba, ni deni. Na hapa uniruhusu nikuseme kidogo kama shangazi yako. Ulitia saini kwa hiari. Mithali sura ya 6 inamwonya mwana aliyemdhamini jirani yake akimbie kujinasua kama swala mkononi mwa mwindaji. Nawe hukuuliza hata mkopo ni wa biashara gani, unaandika mwenyewe, kwa sababu mmeimba pamoja miaka mingi. Mama Tumaini, sauti ya pili si dhamana! Lakini hilo umeshalilipa, mpaka cherehani. Mbele ya kikundi umetimiza neno lako, na unapaswa kutembea kichwa juu. Usichanganye uzembe wako, ambao ni mdogo na umekwisha kuugharamia, na hila yake, ambayo bado haijaguswa. Msalaba wako, kama unautaka, uko mbele: ni kuendelea kuwa mtu anayemwamini binadamu mwingine, kumlea Tumaini bila kumlisha chuki, na kuupigania ukweli bila kulipiza. Huo hakuna anayeweza kukulazimisha. Wala huna haja ya kuubeba peke yako.

Unakumbuka kituo cha tano cha Njia ya Msalaba? Mwenyekiti wako alikuwa ametoka kukisoma muda mfupi kabla ya kukusema. Simoni wa Kirene, mtu aliyekuwa akipita zake akitoka shamba, anakamatwa amsaidie Yesu kubeba. Hata Mwana wa Mungu alihitaji bega la mtu mwingine ili afike. Kama yeye hakuubeba peke yake, jumuiya inapata wapi ujasiri wa kumwambia mjane, muuza asali sokoni, abebe na asiombe msaada? Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuhubiri ukiwa uko kichwani kwa mwingine.

Tufike kwenye msamaha, maana hapo ndipo unapobanwa zaidi, na ni kweli hatuwezi kuukwepa. Wewe ni Mkristo. Kila siku unasali Baba Yetu. Nami nakuambia: ndiyo, msamehe. Lakini tuelewane unachosamehe ni nini.

Kusamehe ni kuacha kutaka aumie, na ni kazi ya muda mrefu. Leo unaweza kuanza kwa kumtaja tu katika sala bila kuuma meno. Hakukulazimishi kunyamaza. Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya Anasi, hakugeuza shavu kimya. Alimwuliza yule mtumishi: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe, kama nimesema vyema, unanipigia nini? Bila kutukana, bila kurudisha kofi, alidai maelezo. Mwanamke aliyesingiziwa wizi ana haki hiyohiyo.

Kusamehe pia hakufuti wajibu wa kurudisha. Zakayo hakumpa Yesu kanga akasema yaliyopita si ndwele. Alisimama akasema, kama amemdhulumu mtu, atarudisha mara nne. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 6, aliyemdanganya mwenzake katika amana anatakiwa kurudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano, siku ileile anapoleta sadaka yake kwa kuhani. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, ambayo katekista wako anayo kabatini, inafundisha kwamba ondoleo la dhambi halirekebishi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta: mtu anapaswa kufanya awezalo kutengeneza alichoharibu, kwa mfano kurudisha alichoiba na kurudisha heshima ya aliyemsingizia. Fedha na jina, mwanangu. Vitu viwili vilevile vilivyomo katika barua yako. Ukimdai, unampa nafasi ya kukamilisha toba yake. Ukikubali kanga na kunyamaza, unamwacha na toba nusu, na ninyi wawili mtaketi kwenye benchi moja mkiogopana.

Na kusamehe si kumrudishia funguo zote siku hiyohiyo. Yusufu aliwalilia ndugu zake faraghani tangu safari yao ya kwanza ya kununua nafaka. Moyo wake ulishalainika. Lakini hakujitambulisha. Alimzuia Simeoni, akadai waje na Benyamini, akatia kikombe cha fedha ndani ya gunia la kijana. Alitaka kujua jambo moja: je, watamwacha tena mdogo wao utumwani ili waokoke wao? Ndipo ndugu yao Yuda, yuleyule aliyetoa wazo la kumwuza Yusufu, akasogea mbele akaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana. Hapo Yusufu hakuweza kujizuia tena. Msamaha ulikuwapo muda wote. Undugu ulisubiri mpaka ilipoonekana kwamba mtu amegeuka kweli. Sikushauri utie kikombe kwenye gunia la rafiki yako. Nakushauri usione haya kusubiri dalili.

Paulo naye alikuwa na wasaliti wake. Katika barua ya pili kwa Timotheo, Dema amemwacha, na Aleksanda mfua shaba amemtendea mabaya mengi. Paulo anamwachia Bwana malipo yake, na palepale anamwonya Timotheo ajihadhari na mtu huyo. Hakuona kwamba tahadhari inapingana na imani. Katika sura hiyohiyo anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa katika kazi, na huyu ndiye Marko aliyewahi kuwaacha njiani huko Pamfilia, mpaka Paulo na Barnaba wakagombana juu yake na kuachana. Kwa hiyo wapo akina Marko wanaorudi, na wapo akina Aleksanda wa kujihadhari nao. Rafiki yako ni yupi? Mimi sijui, wala wewe bado hujui. Njia ya kujua ni kumpa nafasi ya kusema ukweli na kutazama atafanya nini.

Yesu aliiacha njia hiyo katika Mathayo sura ya 18, hatua kwa hatua. Kwanza, nenda kwake peke yako. Usiende sokoni, wala mbele ya kwaya. Chagua saa ambayo Tumaini yuko shule. Mwambie mambo mawili tu: nataka tupange utakavyonirudishia fedha, hata kama ni shilingi elfu ishirini kwa mwezi, na nataka ufike kwenye kikundi useme kwamba sikula hata senti. Kisha nyamaza umsikilize. Huenda alikimbia kwa aibu au kwa kipigo nyumbani. Huenda kuna jambo hulijui. Kusikiliza hakupunguzi deni.

Akikubali, andikeni, na kila mmoja abaki na nakala. Akipunguziwa au kusamehewa kiasi fulani, iwe kwa sababu umeona hali yake na umependa mwenyewe, na hapo ndipo neno sadaka litakuwa mahali pake. Akikataa, rudi na shahidi mmoja au wawili. Ikishindikana, peleka kwa paroko na kwa uongozi wa kikundi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chenu vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anaweza kuwaketisha. Kuna na mahakama ya mwanzo. Atakayekuambia kwamba Paulo aliwakataza Wakorintho kushtakiana, mkubalie, kisha mkumbushe kwamba aliwataka wamtafute mwenye hekima kati yao aamue. Na Paulo huyohuyo, haki yake ilipotaka kuuzwa, alikata rufaa kwa Kaisari.

Kuhusu Tumaini: ana miaka tisa na anauliza mama wa ubatizo yuko wapi. Mwambie kwamba wewe na mama yule mna jambo mnalolitengeneza, na kwamba halimhusu yeye. Usimpe zaidi ya hapo. Na kuhusu kwaya: rudi. Kama huwezi kuketi karibu naye, mwombe mwalimu wa kwaya akusogeze benchi la nyuma. Wewe hukukosa kitu pale, na sioni kwa nini aliyedhulumiwa ndiye awe amepoteza fedha, cherehani, jina, na nyimbo juu yake.

Kuna jambo moja la mwisho nakuomba, na ndilo gumu kuliko yote. Ukifika hatua ya kutafuta shahidi, mwombe mwenyekiti wa jumuiya. Yeye mwenyewe. Mwambie: ulinihimiza nibebe, sasa nakuomba bega lako, twende wote kwa mama yule, ukasikie maneno yangu na yake. Akikubali, amekuwa jirani mwema na jumuiya yenu itakuwa imejifunza kitu kuliko mafungo kumi. Akikataa, mtafute mwingine bila kumchukia, na uende hivyohivyo. Kisha niandikie nijue amejibu nini.